Koleo la Munisagara na Mkono wa Kuchumia Karafuu



Katika mkutano uliopita lilizuka neno ambalo halikumalizika. Ni neno la fedha walizoomba vijana wa chuo cha ufundi, wapate kuunda mkono wa mashine utakaowekwa kwenye ncha ya ufito, ushike shada la karafuu na kulikata, na mchumaji mwenyewe amesimama chini. Wako waliosema tuwape, wako waliosema fedha za Chama si za kuchezea watoto, na mwisho wake wakati ukatupita, watu wakaenda kusali. Sisi tunaoandika ukurasa huu tuna rai yetu, na twaona ni haki kuitoa wazi kabla hamjakutana tena: wapewe. Lakini wapewe kwa masharti, na masharti yaliyo mazito zaidi yawe juu yetu sisi wakulima, siyo juu yao.

Hapana haja ya kumweleza mkulima wa karafuu habari za mkarafuu. Mti ulioachwa ukarefuka hufika mita 10, hata 15, na tawi lake ni jepesi kukatika. Karafuu ya thamani ni ile iliyochumwa ingali imefumba na imeanza kuona wekundu. Ikichanua imepungua, na ikiachwa zaidi imekuwa mpeta. Kwa hiyo kazi yote yataka imalizwe kwa siku chache, na msimu ukiwa mkubwa watu hawatoshi. Mwenye shamba hutembea chini ya miti yake akiona mali inachanua juu, asiwe na la kufanya. Mchumaji naye hupanda, hujifunga kamba, hutupa upembo akalivuta tawi la mbali, hujinyoosha kidogo tena, na tena kidogo. Nani kati yetu hamjui mtu aliyeanguka mkarafuuni? Na tawi lililovunjwa msimu huu halizai msimu ujao, ndipo mwenye mti na mchumaji wanapoumia pamoja.

Wako waliouliza: kwa nini tusinunue mashine iliyokwisha tengenezwa huko nje? Swali ni zuri, na lafaa jibu zuri. Mashine za kuvunia miti zipo. Katika nchi zinazolima mizeituni na milozi ziko mashine zinazolikamata shina la mti na kulitikisa kwa nguvu mpaka matunda yaanguke juu ya turubali. Lakini mlozi hukomaa karibu wote kwa pamoja. Mkarafuu mmoja huwa na karafuu iliyo tayari, na changa, na iliyochanua, pengine katika tawi moja. Mashine ya kutikisa haina macho, itaangusha vyote pamoja na majani. Wenzetu wa Indonesia, ambao huzalisha karafuu nyingi kuliko nchi yoyote duniani na kuivuta sehemu kubwa yake ndani ya sigara zao za kreteki, wangali wakichuma kwa mikono juu ya ngazi za mianzi. Kama wao, wenye mikarafuu mingi kutushinda, hawakuipata mashine dukani, sisi tutaipata duka gani?

Basi yabaki kuunda. Na hapa ndipo mwanachama mmoja, mtu tunayemheshimu sana, aliposema kwamba watoto wa skuli hawawezi kuunda kitu ambacho mafundi wakubwa wa Ulaya hawajakiunda. Twamjibu kwa habari ya Munisagara.

Munisagara ni mahali padogo Bara, katika wilaya ya Kilosa, kwenye bonde la mto Mkondoa. Jina lenyewe linamkumbusha msomaji wa historia yule Mwinyi Sagara ambaye Carl Peters alimtilisha alama kwenye karatasi yake Disemba 1884, jambo ambalo Sayyid Barghash wa Unguja alilipinga kwa nguvu mpaka manowari za Wadachi zilipotia nanga mbele ya jumba lake mwaka uliofuata. Lakini hayo ni mengine. Tunachotaka ni reli. Reli ya Kati, ambayo Wadachi waliianza Dar es Salaam na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, hupita katika bonde hilo, na mto Mkondoa haujapata kuipenda. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliivunja njia baina ya Kilosa na Gulwe, na safari za treni zikakatika kwa miezi. Leo iko reli mpya pia, na tangu 2024 treni ya umeme hupita kwenye mahandaki yaliyotobolewa katika milima ya Kilosa, abiria wasijue hata kwamba chini yao kuna mto mkorofi.

Wawili katika sisi walipata kupita upande huo kwa shughuli zao, wakaliona genge la reli likibadilisha vipande vya njia ya zamani. Chukua reli ya kilo 40 kwa mita moja, yenye urefu wa mita 12: ni kilo 480. Haina mpini wala tundu la kutia kidole, na jua limeichoma. Watu wale waliinyanyua kwa makoleo. Koleo la reli ni vyuma viwili vilivyopishana kama mkasi na kuunganishwa kwa pini moja. Chini kuna taya mbili zinazoingia chini ya kichwa cha reli, juu kuna mikono miwili, mtu mmoja huku na mwingine kule. Halina springi, halina skrubu ya kukaza. Watu wanapoinua mikono, taya hufunga. Reli inavyozidi kuwa nzito, ndivyo taya zinavyozidi kuuma. Wakiiweka chini, taya hulegea zenyewe. Makoleo sita, watu kumi na wawili, kila mtu kilo 40, na mnyapara anaita hatua.

Huo ni mkono wa mashine, wanachama, tena mkono bora, na fundi yeyote wa kijijini mwenye tanuri na nyundo aweza kuutengeneza. Jambo la akili ndani yake ni moja tu: nguvu ya kushika inatoka kwenye mzigo wenyewe.

Mtu asidhani kwamba vitu vya namna hii hubuniwa na mainjinia peke yao. Zamani, katika reli za Marekani, mabehewa yaliunganishwa kwa pete na pini, na mfanyakazi alisimama katikati ya mabehewa mawili yanayojongeleana, akaitia pini kwa mkono. Wengi walipoteza vidole, wengine walipoteza roho. Eli Janney, karani wa duka katika jimbo la Virginia, alichukua kisu chake akachonga mfano kwa mti: mikono miwili iliyokunja vidole, ambayo ikigongana hushikana yenyewe. Akapata hataza mwaka 1873. Mwaka 1893 Marekani ilitunga sheria ya kuzilazimisha reli zitumie vifungio vya kujifunga vyenyewe, na hata leo mabehewa mengi ya mizigo duniani hushikana kwa vidole vya namna ile ile. Karani, kisu, na kipande cha mti. Vijana wetu wana zaidi ya hayo.

Sasa tuseme na upande wa pili, kwani hatupendi kumsifia mtu koleo mpaka akavunja mkarafuu kwalo. Vijana, tulipozungumza nao, walilipenda sana koleo la reli, wakataka kulifanya dogo na kulitia kwenye ufito. Twaona hapo wangalie vizuri. Reli inapendezwa na kuumwa. Shada la karafuu lina uzito mdogo mno, haliwezi kuzifunga taya kwa uzito wake. Kitakachozifunga ni mchumaji kuvuta ufito chini. Akivuta, tawi litakataa. Likikataa, taya zitauma zaidi. Akivuta zaidi, zitauma zaidi tena, na mwisho wake si kikonyo kitakachokatika, ni tawi zima. Yaani koleo lile lile linaloheshimika Munisagara litafanya huku dhambi ile ile tunayowakataza wachumaji wetu kila msimu. Kama vijana watatumia kanuni ya koleo, lazima waitie mpaka: kiwepo kipande cha mpira au springi ambayo nguvu ikizidi kiasi fulani huteleza na kuachia. Kiasi gani? Hilo halisomwi kitabuni. Waende shambani na mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki, wavute mashada mia na wavute vijitawi mia, waandike kila moja. Baina ya nguvu inayokata kikonyo na nguvu inayovunja kijitawi kuna nafasi, na mashine yao yote itaishi ndani ya nafasi hiyo. Wasipoipima kwanza, kila kitakachofuata kitakuwa ni kubahatisha.

Tena wasifikiri kwamba mkono lazima uwe wa chuma na wenye meno. Mwaka 2010 watu wa vyuo vikuu vya Cornell na Chicago, pamoja na kampuni ya iRobot, walionyesha mkono ambao ni puto la mpira lililojazwa kahawa ya kusaga. Ukiligandamiza juu ya kitu, linalifuata umbo lake kama unga wa kukanda; ukinyonya hewa iliyomo, chembe za kahawa hubanana, puto likawa gumu, na kitu kimeshikwa bila kuumizwa. Mwenye kuwahi kununua pakiti ya kahawa iliyofungwa bila hewa anaijua siri hiyo: ni ngumu kama tofali mpaka uitoboe. Na mvuvi angeweza kuitambua nyingine, lakini Mdachi Leif Kniese alimtangulia mwaka 1997. Aliubonyeza mkia wa samaki kwa kidole, akaona badala ya kukimbia upande wa pili, ncha ya mkia inamrudia kidole. Kutokana na hilo vikaundwa vidole vya plastiki vyenye umbo la pembetatu ndefu na mbavu ndani, ambavyo vikigusa tunda hujipinda vikalikumbatia. Hatusemi karafuu ichumwe kwa puto la kahawa juu ya mti, pampu yake nani ataibeba? Lakini kidole cha mkia wa samaki ni chepesi, hakina injini wala waya wa umeme, na kinafanana na kazi yetu. Kingeshika shada pole pole, na kisu kidogo chini yake kikakata. Tukikata bila kushika, karafuu itamwagika majanini, na kina mama watainama kutwa nzima kuiokota.

Jambo jingine, nalo latushughulisha kuliko yote, ni uzito. Kijana aliye karakanani huuweka mkono wake juu ya meza akauona mwepesi. Sasa autie kwenye ufito wa mita 6. Mkono wa nyuma wa mchumaji uko mwisho wa ufito, wa mbele uko mita 1 kutoka hapo, na ncha iko mita 5 mbele. Tia kilo 1 kwenye ncha, laza ufito, na mkono wa nyuma utalazimika kugandamiza chini kwa nguvu ya kilo 5, wa mbele ubebe kilo 6, mbali na uzito wa ufito wenyewe. Ufito ukisimama wima taabu hiyo hupungua, lakini hakuna achumaye wima siku nzima. Mashada yako pembeni, ndiyo sababu ya kutaka ufito. Basi kila gramu 100 wanayoipunguza kwenye ncha ni nusu kilo waliyomwondolea mtu mkononi. Waache taya peke yake juu. Wenzo, springi, na kila kilicho kizito kishuke chini karibu na mikono, na kati yake ipite kamba. Waya wa breki ya baiskeli wafaa kwa majaribio, ila katika urefu wa mita 6 msuguano ndani ya mpira wake utakula nguvu nyingi. Pengine uzi imara unaopita katika vipete, kama wa fimbo ya kuvulia samaki, utawafaa zaidi. Wajaribu vyote viwili.

Na hapa twafika kwenye lile lililoleta maneno mengi mkutanoni: kwamba katika hesabu yao vijana waliandika mifano mitano, siyo mmoja. Mwanachama mmoja aliuliza, kama wanajua kazi yao, kwa nini wataharibu minne? Ndugu, fundi wa majahazi huchonga kwa jicho kwa sababu mababu zake walikwisha kuyaharibu majahazi kwa niaba yake. Mkono wa karafuu hauna babu. Mfano wa kwanza wauunde kwa boksi la karatasi na misumari ya kubana, kwa siku moja, wapate kuona tu kama taya zinafunga. Wa pili kwa mti. Wa tatu kwa plastiki, kama chuo kitawaruhusu kutumia mashine yake ya kuchapa vitu. Chuma au aluminiamu ije mwisho kabisa. Fedha nyingi zisitoke mapema. Mfano wa karatasi ukishindwa umetupotezea boksi, wa aluminiamu ukishindwa umetupotezea mwezi. Wanaoogopa hasara wangeipenda mifano mitano kuliko mmoja.

Masharti yetu kwao ni haya. Katika kikundi chao awemo mchumaji mmoja wa kweli, mwanamume au mwanamke, anayelipwa kwa siku zake, naye awe na sauti ya kusema "hiki hakifai" na maneno yake yaandikwe. Si aje siku ya mwisho kupigwa picha. Tumeona kazi za wanafunzi za kila namna: wote wanataka kuchora, hakuna anayetaka kupima, na ripoti inaandikwa usiku wa kuamkia mtihani. Awepo mmoja ambaye kazi yake ni daftari tu. Kila mfano ujaribiwe kwa mashada mia, na daftari liseme mangapi yalifika chini salama, mangapi yalimwagika, majani mangapi yalikuja nayo, vijitawi vingapi vilivunjika, na dakika ngapi zilikwenda. Kisha yule mchumaji achume mia kwa mikono, juu ya mti, kwa saa ile ile. Tukilinganisha tutajua tulipo. Twatazamia kwamba mwanzoni mikono itaushinda mkono wa mashine, tena kwa mbali, na hilo lisimvunje mtu moyo wala lisimfanye mweka hazina afunge sanduku.

Masharti juu yetu. Mosi, miti. Vijana hawawezi kujaribu mkono wa karafuu juu ya mwembe wa chuo. Pili, tusiwaombe mashine iliyokamilika kwa msimu mmoja, wala tusiwaambie wafanye nyepesi, ndefu, imara, rahisi na ya kukunjwa, vyote kwa mara moja. Tuchague. Rai yetu ni kwamba waanze na matawi ya chini na ya pembeni, mpaka mita 6 tu. Kilele tuwaachie wapandaji kwa sasa. Kama mtu hatalazimika kujinyoosha kwenye tawi la pembeni, ambalo ndilo jembamba na ndilo linalodanganya mguu, tumekwisha faidika, hata kama kilele bado kinapandwa.

Limebaki neno la wachumaji wenyewe, na hatutalipita kimya. Wengine wanaishi mwaka mzima kwa walichokipata msimuni, na mtoto wa skuli hununua sare yake kwa pishi alizochuma. Wanauliza: mashine ikija, sisi? Wana haki ya kuuliza, na asiyewajibu asitarajie msaada wao shambani. Twaona hivi: ufito wenye mkono bado unashikwa na mtu, na huyo mtu aweza kuwa mzee aliyeacha kupanda kwa sababu ya magoti, au mwanamke ambaye hakuwahi kupanda. Ujira ubaki kwa kipimo cha karafuu kama ilivyo, siyo kwa siku, wala mwenye shamba asikate kitu kwa kuwa ametoa ufito. Hilo lipitishwe na mkutano kabla mkono wa kwanza haujafika shambani. Likiachwa mpaka baada yake, kila mtu atakuwa na hesabu yake.

Kwa hiyo twaomba mkutano utoe fedha za mifano mitatu ya kwanza sasa, na za miwili iliyobaki baada ya daftari kusomwa mbele ya wanachama. Mwenye mikarafuu iliyo karibu na barabara, yenye matawi ya chini mazuri, na aliye tayari kuona mashada mia mbili ya miti yake yakiharibiwa kwa ajili ya jambo hili, ampe katibu jina lake. Tunahitaji mashamba matatu, na lisiwe lote la Pemba wala lote la Unguja. Na atakayekuwa na mizani ya ndoano ya kuazima aiandike alama yake kabla ya kuitoa.